Maji ya Kina na Maswali ya Dainess

Mimi naitwa Mwamvua. Nilizaliwa Ujiji, nikaolewa huku kwenye mwalo wetu wa wavuvi karibu na Ilagala. Kazi yangu ni dagaa. Asubuhi nanunua kwa wavuvi, naanika juu ya kokoto, nageuza, nafukuza kunguru, jioni nakusanya. Ukitaka kunikuta nimekaa, njoo siku ya mvua.

Nataka kuwasimulia habari ya jirani yangu Angelina na mtoto wake Emmanueli. Msiseme nimemsengenya. Angelina mwenyewe ameniruhusu. Aliniambia, "Simulia, Mama Mwamvua, lakini usiongeze chumvi." Nimejitahidi.

Ilikuwa miaka ile ya vita ng'ambo ya ziwa. Mitumbwi na boti zilileta watu wenye vifurushi kichwani na watoto mgongoni. Wengi walipelekwa kambini. Wengine walikuwa na ndugu huku ufukweni, wakakaa nao. Babu yangu mimi alitoka upande ule ule, kwa hiyo sikuona ajabu.

Angelina na mumewe Jean walitoka karibu na Baraka. Mjomba wake Jean alikuwa mvuvi hapa kwetu, na alimpa nafasi katika mtumbwi wake. Wakajenga kijumba cha nyasi nyuma ya nyumba yangu. Kati yao na mimi palikuwa na ua wa matete tu. Akikohoa mtu kule, huku nasikia.

Jean alikuwa mtu mpole na mchapakazi. Giza likiingia alitoka na wenzake na taa za karabai, wakavua dagaa usiku, wakarudi kumekucha. Angelina alinisaidia kuanika. Alikuwa na mikono myepesi, ila hakupenda maneno mengi. Mgeni akipita njiani, alijificha ndani.

Nilijua sababu. Mwaka ule ilitangazwa kwamba wakimbizi wote wakae kambini. Angelina hakuogopa kambi yenyewe. Aliogopa kuchukuliwa yeye na mtoto wakati Jean yuko ziwani. Jean angerudi akute nyumba tupu.

"Mama yangu nilimwacha sokoni nikimbie kufata mutoto," aliniambia siku moja. "Niliporudi hayupo. Hata leo sijui yuko wapi. Sitaki Jean anitafute namna ile."

Nikaendelea kugeuza dagaa.

Mtoto wao Emmanueli alikuwa ameanza kutembea. Alikuwa mchangamfu, akipenda kuniibia dagaa akimbie nao. Lakini tumbo lake halikutulia. Ataharisha, atapona, atanenepa kidogo, kisha ataharisha tena. Angelina alimpa majani ya mpera yaliyochemshwa. Alimfunga uzi kiunoni. Tumbo likarudi pale pale.

Sasa nieleze habari ya maji, maana ndiyo habari yenyewe.

Kabla ya hapo tulipata kipindupindu. Bwana afya alikuja akatuambia tusinywe maji ya ufukweni. Alisema kweli. Pale ufukweni tunaoga, tunafua, tunaosha samaki, na wasio na vyoo wanajisaidia nyuma ya mawe. Alituambia tuchemshe maji. Lakini kuni ni shida, na maji yaliyochemshwa yana ladha ya moshi.

Wanaume wetu wakapata njia yao. Wakitoka kuvua, kule katikati ya ziwa ambako maji ni meusi kwa kina, wanajaza madumu na kuleta nyumbani. Tunayaita maji ya kina. Ukiyaweka kwenye glasi, huoni hata chembe. Ni baridi na ni matamu. Mwanamke ambaye mume wake anamletea maji ya kina hutembea kwa maringo. Nani atakwenda kuyachemsha maji kama hayo?

Jean alileta madumu mawili kila asubuhi, moja lao, moja langu mimi mjane. Huyo ndiye Jean.

*

Siku moja mwenyekiti wa kijiji, Mzee Leonardi, alikuja na msichana mwembamba aliyebeba begi. Msichana alipiga magoti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwamvua," alisema Leonardi, "huyu ni Dainess. Anasoma udaktari Dar es Salaam. Amekuja kufanya utafiti wa chuo. Wewe una chumba. Atakaa kwako."

Hakuuliza kama napenda. Leonardi ndivyo alivyo. Lakini msichana nilimpenda. Kumbe ni Muha wa Kalinzi, mtoto wa wakulima wa kahawa. Ziwa alikuwa analiona kwa mbali tu tangu utoto, akiwa juu mlimani. Hakujua hata kupanda mtumbwi. Siku ya kwanza alianguka majini na viatu vyake, nikacheka mpaka nikaona aibu.

"Utafiti ni nini?" nilimuuliza akijikausha.

"Ni kutafuta jibu la jambo ambalo hatulijui vizuri," alisema. "Hapa watoto wengi wanaharisha. Nataka kujua sababu yake hasa. Nitawauliza akina mama maswali, nitaangalia, kisha nitaandika. Chuo chetu kinataka kila mwanafunzi afanye kazi kama hii kabla ya kuwa daktari."

"Kwa hiyo sisi ni mtihani wako."

Alikamua maji kwenye nguo yake. Kisha akasema, "Nami ni wenu pia, mama. Mtanipima."

Kesho yake akaanza. Leonardi alimtembeza nyumba kwa nyumba, maana kwetu mgeni hutembezwa na mwenyekiti. Ni heshima. Lakini habari ilikimbia mbele yao. "Wanaandika wakimbizi," watu walinong'ona. "Yule msichana ananasa majina."

Nikamwona Angelina akimbeba Emmanueli haraka na kumwingiza ndani. Siku hiyo mtoto alikuwa anaharisha vibaya. Akamlaza mkekani na kumfunika kanga.

Walipofika, Dainess alisoma karatasi yake mbio mbio, kama katekista mwenye njaa. Nilisikia maneno ridhaa, hiari na usiri. Hata mimi niliyesoma darasa la saba Ujiji sikushika kitu. Leonardi alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mama, mnachemsha maji ya kunywa?" Dainess aliuliza.

"Ndiyo, dokta," Angelina alijibu.

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Mtoto ameharisha siku hizi za karibuni?"

"Hapana. Mutoto ni mzima kabisa."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua, nasikia. Moyo uliniuma. Nilitaka kusema, lakini nyumba si yangu na woga si wangu.

Wakaja kwangu. Dainess akauliza kama nachemsha maji.

"Nikiwa na kuni nachemsha," nikamwambia. "Nikikosa kuni sichemshi. Na maji ya kina sichemshi kabisa. Andika hivyo hivyo."

Leonardi akakohoa. Dainess akainua macho. "Mama, wewe ndiye wa kwanza kunijibu hivyo," alisema, akaandika.

Jioni, jua likiwa bado juu ya milima ya ng'ambo, tulikaa tukichambua dagaa. Dainess alikuwa na uso wa mtu aliyepoteza kitu.

"Majibu yanafanana mno," alisema. "Karibu kila mama anachemsha. Karibu kila mtoto ni mzima. Lakini jana nilipita zahanati ya Ilagala. Wanaoharisha wamejaa mpaka barazani, na wengi wametoka huku. Nikiandika majibu haya, nitafaulu. Lakini itakuwa karatasi ya uongo."

"Ulitembea na nani?" nilimuuliza.

"Na Mzee Leonardi."

"Basi."

Alifikiri. Akabaki na dagaa mkononi. "Wanadhani majina yao yanakwenda kwake."

"Kwake, na kwa wakubwa wake. Wewe ungejibu nini?"

"Ningesema kila kitu ni kizuri," alisema polepole. Kisha akasema, "Kesho nitatembea peke yangu."

Lakini kesho yake hakupata nafasi ya kutembea. Leonardi alikuja mchana na kuvuta kigoda. Dainess alikuwa barazani. Mimi niko jikoni. Angelina alikuwa nyuma ya ua, ameinamia dagaa wangu, wao hawakumwona.

"Binti," alisema Leonardi, "nimeagizwa kutoka juu. Wanataka kujua familia ngapi za ng'ambo ziko hapa na ziko nyumba zipi. Wewe umeingia kila nyumba. Nisaidie."

"Mzee, samahani. Siwezi."

"Siwezi maana yake nini? Karatasi si hizo hapo?"

"Karatasi hizi hazina majina, mzee. Zina namba tu, na namba hizo hazikuonyeshi nyumba. Hata hivyo, kwa kuwa nimeingia ndani mwao, yapo niliyoyaona. Hayo sitayasema."

Leonardi aliona aibu, na mtu akiona aibu hukasirika. "Mimi ndiye niliyekupokea. Mimi ndiye niliyekutembeza kama mtoto wangu."

"Nakushukuru kweli, mzee. Sisemi kwa kiburi." Alizikusanya karatasi zake. "Watu hawa wamenieleza mambo ya watoto wao ili tujue ugonjwa unatoka wapi. Kwa ajili hiyo tu. Nikiyachukua na kuyatumia kwa kazi nyingine, nimewaibia."

"Nikisema uondoke kijijini?"

"Nitaondoka leo. Utafiti wangu utakufa, nami nitarudia mwaka. Lakini sitasema."

Nilisimama na mwiko mkononi. Nikasikia fahari, kama vile ni mimi niliyemzaa. Leonardi aliinuka kwenye kigoda. Yeye si mtu mbaya, nataka mjue. Alikuwa mtu aliyeagizwa. Aliondoka bila kuaga, na sote tulibaki hatujui kama Dainess amefukuzwa au la.

Nilipogeuka, Angelina hakuwepo kwenye dagaa. Sinia lilikuwa chini, kunguru wanakula. Nikafungua mdomo nimwite kwa hasira. Hapo nikamwona anakuja mbio, Emmanueli mikononi.

"Dokta," alisema, "nilikudanganya. Mutoto ni mgonjwa. Ni mgonjwa sana."

*

Emmanueli alikuwa amelegea. Macho yalikuwa yameingia ndani. Midomo ilikuwa mikavu. Alijaribu kulia, lakini machozi hayakutoka. Dainess alimfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, na ngozi ilibaki imesimama kabla ya kurudi taratibu.

"Amekojoa lini?"

"Tangu jana hajakojoa."

"Unampa maji?"

"Nilimunyima," alisema Angelina, "ili tumbo likauke."

Mimi niliogopa. Nimewaona watoto namna ile wakati wa kipindupindu, na najua mwisho wake. Niliona Dainess naye anaogopa, lakini mikono yake haikusimama.

"Sikiliza, mama Emmanueli," alisema. "Mtoto anayeharisha hafi kwa sababu ya kunywa maji. Anakufa kwa sababu maji na chumvi vimemtoka mwilini. Tumbo halikauki kwa kumnyima maji. Anayekauka ni mtoto."

Alitoa pakiti ya dawa ya kuharisha kwenye begi. Nilikuwa na maji ya chai yaliyochemka na kupoa. Akapima lita moja, akamimina unga wote, akakoroga. Akampa Angelina kijiko.

"Kidogo kidogo. Akitapika, ngoja kidogo, kisha endelea. Na maziwa yako usimnyime. Akitaka kunyonya, anyonye."

"Na mtu asiye na pakiti?" niliuliza.

"Achukue lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Atie vijiko sita vya chai vya sukari, visawazishwe, visirundikwe. Atie chumvi nusu kijiko cha chai. Sukari ikizidi, kuhara kunaongezeka. Chumvi ikizidi, ni hatari. Lakini huyu, mama, hali yake imevuka hapo. Ni lazima zahanati, sasa hivi, na kijiko kiendelee njiani."

Angelina alishtuka. "Zahanati wataniuliza ninatoka wapi."

Dainess alimtazama. Hakumwambia usiogope. Alisema, "Wanaweza kuuliza. Nitakuwa karibu nawe. Sijui kesho italeta nini, na sitakudanganya. Ila Emmanueli akikaa hapa, tutampoteza."

Angelina alimtazama mtoto. Akafunga kanga.

Nilimwamsha Jean, aliyekuwa amelala baada ya kuvua. Akatoka bila shati, akasukuma mtumbwi majini. Tukapanda. Dainess wa milimani alipanda safari hii bila kuanguka. Jean alipiga kasia kwa nguvu, na Angelina alihesabu kwa sauti ndogo kila kijiko alichotia kinywani mwa mwanawe.

Kwenye zahanati nesi alimwekea mtoto maji ya mshipani. Aliuliza jina la mtoto, umri na uzito. Basi. Hakuuliza kingine. Angelina alikaa sakafuni kando ya kitanda akilia bila sauti, nami nikakaa naye. Nilimshika mkono kwa sababu sikujua la kufanya.

Jua lilipoinama, Emmanueli alikojoa, akalowanisha shuka la serikali. Sijawahi kuona watu wanafurahia mkojo namna ile. Jean alicheka huku analia.

*

Waliporudi nyumbani mtoto akiwa na nguvu, Angelina alikuja mwenyewe barazani kwangu.

"Dokta, niulize tena," alisema.

"Mimi si daktari bado. Na kabla sijauliza, mara hii nitakueleza vizuri. Ile siku nilisoma tu." Dainess aliweka karatasi chini. "Una haki ya kukataa, na sitakasirika. Ukikubali halafu ukachoka katikati, sema basi, tutaacha. Swali usilolipenda, liruke. Jina lako siandiki. Utakayoniambia simwambii mwenyekiti, wala jirani, wala mumeo. Ukikataa, mtoto wako atatibiwa vile vile. Na nikimaliza, nitarudi kuwaambia nilichokipata. Una swali?"

Angelina alifikiri. "Utarudi kweli?"

"Nitarudi."

"Basi uliza."

Nami nikainuka niondoke, maana yale yalikuwa ya kwao wawili. Angelina akanishika gauni. "Mama Mwamvua abaki," alisema.

"Mnachemsha maji?"

"Hatuchemshi. Jean analeta maji ya kina. Juu ya nini nichemshe maji safi, kwa sababu gani?"

Nilitegemea Dainess atamkemea. Hakumkemea. Aliuliza, "Huko katikati yanatekwa vipi?"

Angelina alinitazama. Mimi nikamtazama. Tumekunywa maji yale siku zote, na hatujui. Wanawake kwetu hawaendi kuvua.

"Basi twendeni tukaone," alisema Dainess.

Asubuhi tulikwenda mwaloni mitumbwi inaporudi. Jean alituonyesha dumu. "Mdomo wake ni mdogo," alisema. "Ukilizamisha, mawimbi yanaligonga, linakataa kujaa. Kwa hiyo tunateka na kitu, tunamimina." Akainama kwenye sakafu ya mtumbwi, ndani ya maji machafu ya miguuni, akachukua kopo la bati. "Na hiki."

Nililijua kopo lile. Kila mtumbwi unalo. Mtumbwi unavuja usiku kucha, na kwa kopo lile wanatoa maji. Maji hayo yana damu ya samaki na matope ya miguu iliyokanyaga nyuma ya mawe, kule kwa wasio na vyoo.

"Kaka Jean, samahani kwa swali," alisema Dainess. "Mtu akibanwa na haja kubwa huko katikati?"

Jean alitazama chini. "Anajisaidia pembeni ya mtumbwi."

"Na kujisafisha?"

Alilitazama kopo mkononi. Wavuvi wenzake, waliokuwa wanacheka maswali hayo, wakaacha.

Mimi nilifikiria vikombe vyote nilivyokunywa kwa maringo. Nilitaka kumtukana mtu, lakini sikujua nianze na nani.

"Kwa hiyo ni mimi," Jean alisema. "Ni mimi niliyemupa mutoto ugonjwa."

Aliweka kopo chini, akakaa ukingoni mwa mtumbwi na kufunika uso. Angelina alikwenda akasimama karibu naye.

"Kaka Jean," Dainess alisema, "ulichoka usiku kucha na bado ukamletea mwanao maji kutoka mbali, kuliko kuchota hapa miguuni. Wazo lako lilikuwa zuri. Maji ya kule ni safi kuliko ya huku. Yanachafukia njiani, kwenye kopo. Na uchafu huu jicho haliuoni. Maji yanaweza kung'aa na bado yana vijidudu."

"Tufanyeje?" aliuliza mvuvi mmoja.

"Kopo la kutolea maji libaki kazi yake. La kutekea liwe jingine, lenye mpini mrefu, lisiguse sakafu ya mtumbwi. Dumu lisuguliwe ndani kwa sabuni na lifunikwe. Mikono ioshwe kwa sabuni. Na nyumbani maji yachemshwe, hata hayo ya kina, mpaka yatokote kabisa. Kama kuni ni chache, yaanze ya watoto."

Siku zilizofuata alitembea peke yake, mitumbwi na nyumba. Alisalimia watu wa milimani kwa Kiha, "Mwakeye," nao wakacheka kwa furaha. Alieleza kwanza, akauliza baadaye. Wachache walikataa, naye akawaaga vizuri. Wengine walimwambia ukweli. Leonardi hakumfukuza. Alikuwa akipita mbali, akitazama.

*

Dainess aliondoka. Nawaambia kweli, sikutegemea kumwona tena. Wamekuja wengi kwetu na kalamu, wametuuliza mpaka idadi ya kuku, na hakuna aliyerudi.

Alirudi mwanzo wa masika, amelowa, na begi lile lile. Mkutano ukaitishwa kwenye banda la samaki. Leonardi alikaa mbele kabisa.

"Nimekuja kutimiza ahadi," alisema Dainess. "Mlinipa majibu yenu, na majibu hayo ni mali yenu. Nimekuta kwamba nyumba nyingi hazichemshi maji ya kina, na karibu mitumbwi yote inateka kwa kopo la kutolea maji. Na watoto wa nyumba hizo ndio wanaoharisha zaidi. Nisingejua haya kama mama mmoja asingeniambia ukweli. Jina lake halimo katika karatasi zangu, na halitatoka kinywani mwangu."

Watu wakaanza kugeuka. Unajua watu walivyo. Kila mmoja alimtafuta mama huyo kwa macho. Mimi nilitazama paa.

Angelina aliinuka. Nilimvuta kanga akae, akauondoa mkono wangu taratibu. Emmanueli alikuwa mgongoni kwake, mnene, anatafuna kitu.

"Mama huyo ni mimi," alisema. "Nilidanganya juu ya woga. Nilimufunika mutoto kanga ili asionekane, akataka kufa chini ya kanga. Mutoto ni huyu."

Mvua ilipiga mabati juu yetu. Kila mtu alijua Angelina anatoka ng'ambo, na kila mtu alijua Leonardi ameagizwa nini. Jean alisimama karibu na mkewe.

Leonardi aliwatazama wote wawili. Kisha akamgeukia Jean.

"Hicho kikopo chako cha mpini mrefu," alisema, "ulikitengenezaje? Cha mtumbwi wangu mpini unakatika kila siku."

Jean akaanza kumweleza habari ya misumari na mti wa mpini, na wavuvi wakasogea wasikilize.

Hayo ni ya zamani sasa. Siku hizi ukija mwaloni kwetu utaona kila mtumbwi una makopo mawili. Moja liko chini majini. Jingine limetundikwa juu, na ole wako ukilishusha. Watoto bado huugua, sisemi uongo, lakini si kama zamani, na hakuna mama anayemnyima maji mtoto anayeharisha. Emmanueli amekuwa mrefu kuliko baba yake.

Juzi alikuja kijana mwingine na begi, mwanafunzi, anataka kutuuliza habari za lishe ya wajawazito. Alifika kwa Angelina. Angelina alimpa kigoda na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Kijana akatoa karatasi na kufungua kalamu.

"Weka kalamu kwanza, mwanangu," alisema Angelina. "Mimi ndiye ninayeanza kuuliza. Unatafuta nini, nani atayasoma majibu yetu, na utarudi lini kutuambia?"